Kwaresima ni siku arobaini zipi?

Chukua kalenda ya mwaka 2026. Weka kidole kwenye Jumatano ya Majivu, tarehe 18 Februari, siku Wakatoliki wanapoanza Kwaresima, kipindi chao cha toba na kufunga kabla ya Pasaka, uhesabu mpaka Jumamosi Kuu, siku moja kabla ya Pasaka, tarehe 4 Aprili. Utapata siku 46. Watoto wa kipaimara huuliza kila mwaka, na wana haki: mbona tunaambiwa arobaini?

Jina lenyewe linasema arobaini. Kwaresima limetokana na neno la Kilatini *quadragesima*, yaani ya arobaini. Katika Biblia, Musa alikaa mlimani Sinai siku arobaini, Eliya akatembea siku arobaini mpaka Horebu, na Yesu akafunga siku arobaini jangwani kabla ya kuanza kuhubiri. Nasi Waswahili arobaini tunaijua: mzazi hutolewa nje arobaini yake ikitimia, na wafiwa huisubiri arobaini ya marehemu wao. Ni muda wa mtu kuvuka kutoka hali moja kwenda nyingine.

Jibu la hesabu ni Dominika, yaani Jumapili. Kila Dominika ni ukumbusho wa Ufufuko, hata ikiangukia ndani ya Kwaresima, na siku ya Ufufuko haifungwi. Toa Dominika sita katika zile siku 46, zinabaki 40. Zamani Kwaresima ilianza Dominika, na majuma yake sita yalikuwa na siku 36 tu za kufunga. Ndipo Kanisa la Magharibi likaongeza siku nne mbele ili arobaini itimie, na siku ya kwanza kati ya hizo nne ndiyo Jumatano yetu ya Majivu. Waorthodoksi wana hesabu yao. Wao huanza Jumatatu, wala hawapakwi majivu.

Majivu wanayopakwa waamini Jumatano hiyo hutokana na matawi yaliyobarikiwa Dominika ya Matawi, ile inayotangulia Pasaka, ya mwaka uliopita. Naipenda sana desturi hii. Tawi ulilopunga ukiimba Hosana linakurudia likiwa jivu, nawe unaambiwa: u mavumbi wewe.

Wengi hudhani Kwaresima ni kushinda na njaa tu. Kwa Wakatoliki, kufunga kwa lazima ni siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59: mlo kamili mmoja, na vingine viwili vidogo. Ijumaa zote za Kwaresima huachwa nyama, na jioni waamini hufuata Njia ya Msalaba, sala ya kuyatafakari mateso ya Yesu, vituo 14. Lakini kufunga hakuendi peke yake. Kuna sala, na kuna sadaka. Chakula ulichojinyima kikibaki kabatini kwako, hapo umepunguza matumizi tu. Kinatakiwa kimfikie mwenye njaa.

Tena kipindi hiki, tangu karne za mwanzo, kilikuwa cha wakatekumeni, watu waliokuwa wakiandaliwa kubatizwa usiku wa Pasaka. Waliokwisha kubatizwa waliungana nao katika toba. Ndiyo maana Aleluya, wimbo wa shangwe, hunyamaza kanisani majuma yote hayo. Hurudi katika Mkesha wa Pasaka: padre huianzisha mara tatu, kila mara akipandisha sauti, na waamini wakiitikia. Baada ya mahubiri, wakatekumeni huitwa kwenye maji ya ubatizo.