Usiisugue: Namna ya Kusoma Hali na Thamani ya Sarafu na Noti za Kale

Asubuhi moja alinijia mama wa makamo kutoka Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, mkebe wa biskuti ameubana kwapani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaketi, akafungua kifuniko kwa furaha. "Mwanangu, hizi ni pesa za marehemu baba mkwe. Nimezisugua kwa ndimu na jivu mpaka usiku wa manane. Tazama zinavyong'aa!"

Zilikuwa ziking'aa kweli. Nilizimwaga juu ya kitambaa nikaona pesa za shaba za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, zile za mwaka 1888: upande mmoja jua lililovikwa taji, upande wa pili mizani, maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria 1306. Wakusanyaji duniani kote huziita sarafu za Mombasa. Zote zilikuwa na wekundu wa ngozi iliyobabuka. Kisha nikainamisha mkebe, na moja iliyokuwa imenasa kwenye kona ikaanguka. Hiyo ndimu haikuifikia. Ilikuwa na rangi ya halua, kahawia iliyokolea na kulainika, na kila kamba ya mizani ilionekana bila kukodoa macho.

Nilimpa lenzi azilinganishe mwenyewe. Alikaa kimya kitambo, akauliza, "Sasa hizi nyingine zaweza kurudi zilivyokuwa?" Haziwezi. Ndiyo sababu ya kuandika makala haya, maana katika kazi yangu ya uhifadhi wa vitu vya kale sijaona kitu kinachoharibu sarafu nyingi majumbani kwetu kama nia njema ya kuzisafisha.

Shaba ikikaa miaka mingi hujitengenezea utando mwembamba wa rangi. Utando huo si uchafu. Ni ngozi ya sarafu, nao huikinga isiendelee kuliwa. Asidi ya ndimu huuvua pamoja na sehemu ya shaba yenyewe, na jivu huacha mikwaruzo myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja. Mnunuzi mzoefu huiona mara moja chini ya taa. Dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba hufanya vivyo hivyo, na dawa ya meno pia. Kama kuna mchanga au vumbi, chovya sarafu katika maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi, kisha iweke juu ya kitambaa cha pamba ikauke bila kusuguliwa. Zaidi ya hapo, iache.

Jambo moja tu lisisubiri: ukiona madoa ya kijani kibichi yenye unga unaopukutika, hayo si utando wa umri. Ni chumvi inayoila shaba kutoka ndani, na hewa yetu ya bahari huichochea. Itenge sarafu hiyo na nyingine, iweke pakavu, uilete kwa mhifadhi.

Sasa tuje kwenye kuisoma hali. Unahitaji lenzi ya kukuza mara kumi, kama ile ya fundi saa, na taa moja iliyowekwa ubavuni, si juu ya kichwa. Shika sarafu kwa ukingo, kidole kisiguse uso, kwa kuwa jasho la mkono wa Mombasa lina chumvi ya kutosha kuacha alama ya kudumu. Izungushe taratibu. Tafuta kwanza sehemu zilizoinuka, maana ndizo husagika mapema mfukoni na sokoni. Chukua shilingi ya simba, ile iliyotolewa kuanzia 1921 na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Tazama manyoya ya shingoni kwa simba na bega lake. Kama nywele zinahesabika moja moja, sarafu haikuzunguka sana. Kama shingo imekuwa kibonge laini lakini mwili una umbo, imetumika vya kutosha. Kama simba amebaki kivuli, thamani yake ni ya kumbukumbu tu. Kwenye sarafu za Mzee Jomo Kenyatta, macho yaende kwenye nywele zilizo juu ya sikio, nyusi, kisha ndevu.

Wauzaji wa kimataifa huyapa madaraja haya herufi, na UNC ndiyo ya sarafu ambayo haikupita mikononi mwa watu kabisa. Wapo pia wanaotumia ngazi ya Sheldon, ya Marekani, inayoanza 1 na kuishia 70, ambapo 60 kwenda juu ni zile zisizotumika. Msomaji wa kawaida hana haja ya kukariri namba. Ajue tu kwamba kutoka daraja moja hadi jingine bei yaweza kuruka mara kadhaa, na kwamba sarafu iliyosuguliwa, hata ikiwa na kila unywele wa simba, huteremshwa au hukataliwa.

Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanadhani umri ndio bei. Chukua reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, ambayo mababu zetu waliifanyia biashara pwani nzima. Imeandikwa 1780. Lakini mwaka huo, ambao malkia huyo alifariki, uliendelea kuandikwa kwenye kila reale iliyochapwa baadaye, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uarabuni waliiamini sura hiyo na hawakutaka nyingine. Zilichapwa Vienna, kisha karne ya 20 zikachapwa pia Roma, London, Paris, Bombay na Birmingham. Reale uliyorithi yaweza kuwa changa kuliko bibi yako. Bado ina fedha yake, gramu 28 na kidogo, na asilimia 83 hivi ya uzito huo ni fedha halisi. Kwa hiyo sonara hatakutania. Ila usiinunue kwa bei ya karne ya 18.

Mfano mwingine ni senti 10 na senti 5 zenye tundu za mwaka 1936, zenye jina la Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza, aliyejiuzulu kabla mwaka haujaisha. Watu husikia habari ya mfalme wa mwaka mmoja wakadhani wameshika hazina. Peni na ndururu hizo zilichapwa kwa wingi na hazina sura yake, kwani tundu liko katikati. Vitu vya kawaida. Kinyume chake, florini ya Afrika Mashariki iliishi muda mfupi tu, 1920 hadi 1921, kisha shilingi ikachukua nafasi yake. Ukikutana na florini, tulia, ipime, na usiiuze siku hiyo hiyo. Katika sarafu za Kenya huru, shilingi 5 ya pembe saba ya 1985 ilijaa kila duka, lakini ile ya pembe tisa ya 1973, ya kuadhimisha miaka 10 ya uhuru, ndiyo ya kutafutwa.

Mizani ndogo ya sonara, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, itakuepusha na mengi. Rupia ya fedha, iliyotumika kabla ya florini, ina gramu 11.66. Shilingi ya simba ina gramu 7.78, na zile za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, yaani fedha halisi haifiki gramu mbili. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Mtu akikuuzia shilingi ya 1950 akiita ya fedha, unajua la kumwambia.

Noti zina hesabu yake. Adui wa noti ni mkunjo. Mkunjo mmoja wa katikati huishusha daraja, na ukikatika nyuzi ni habari nyingine. Kisha matundu ya pini, pembe zilizoviringika, hesabu zilizoandikwa kwa kalamu, na selotepu, ambayo gundi yake huivisha karatasi rangi ya manjano isiyotoka. Wapo wanaopiga noti pasi ili kuficha mikunjo. Inua noti usawa wa jicho, mwanga uje ubavuni: mkunjo uliopigwa pasi hubaki kama mstari wa kovu, na wino uliokuwa umeinuka unakuwa umelala. Noti za kwanza za Benki Kuu ya Kenya zilitoka 1966, na ile ya shilingi 50 ya mfululizo huo ni vigumu kuipata, kwa kuwa haikudumu. Ama noti ya zamani ya shilingi 1,000 iliyoondolewa Oktoba 2019, zaidi ya milioni 7 hazikurudishwa. Ukiwa nayo moja iliyochakaa, mpe mtoto aone sura ya pesa ya jana. Haina mnunuzi.

Na kama mtu amekupigia simu akisema sarafu yako ina thamani ya mamilioni, ila utume kwanza ada ya usajili, kata simu. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi.

Kuna sarafu ambazo thamani yake haimo ndani yake. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, zisizozidi ukucha wa kidole gumba, nyingi hazina mwaka. Zina jina la sultani upande mmoja na sifa ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na pande hizo mbili zina vina, kama mistari ya utenzi. Mwaka wake mtafiti huupata kwa tabaka la udongo zilimolala. Mwaka 2010 huko Mambrui, karibu na Malindi, ilifukuliwa sarafu ya China ya enzi ya mfalme Yongle, karne ya 15. Sarafu kama hiyo utainunua kokote kwa bei nafuu, lakini ile iliyotoka ardhini Mambrui inasimulia safari. Ukiifukua mwenyewe kwa jembe na kuitia mfukoni, umeifuta hadithi. Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 inakihesabu kitu cha kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Zile pesa za 1888 zimo. Mgeni anayetaka kuondoka nazo na meli, mweleze hivyo kwa upole.

Kuhusu kuhifadhi, serikali ya kikoloni yenyewe ilishindwa na hewa hii. Senti za alumini za 1907 na 1908 hazikustahimili unyevu, na 1909 wakahamia shaba iliyochanganywa na nikeli. Basi usitumie mifuko laini ya plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafu, kwa sababu hutoa majimaji ya kijani yanayokula shaba. Tumia bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi, sarafu moja kila bahasha, ndani ya kopo lenye vifuko vya punje za kukausha unyevu, na vifuko hivyo uvibadilishe kila baada ya masika. Noti zisikunjwe, na kamwe zisipigwe lamineti.

Yule mama nilimpa bahasha na penseli, nikamwomba aandike kwenye kila moja ni ya nani na ilimfikiaje, maana hayo hakuna katalogi itakayomrudishia. Akakumbuka kwamba baba mkwe naye alizirithi kwa babake, aliyekuwa nahodha wa jahazi. Zilizosuguliwa alizitia pamoja kwa wajukuu. Ile ya rangi ya halua aliifunga peke yake, akaandika kwa mkono wa kutetemeka kidogo: "Ya babu nahodha. Haijaoshwa."