Nyumba ya Mawe ya Kupangisha Lamu: Fungu la Ukuta Katika Kodi ya Kila Mwezi

Mwenye nyumba ya mawe katika Mji wa Kale wa Lamu mara nyingi huihesabu kodi yote ya mwezi kuwa faida yake, ilhali ukuta nao una fungu lake katika fedha hizo. Kuta hizi zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, nazo hufyonza unyevu wa ardhini na kuutoa hewani kupitia lipu. Mpangaji akilalamika kwamba rangi inabambuka na unga mweupe wa chumvi umejitokeza usawa wa goti, wengi hukimbilia saruji kwa kuwa hushika upesi na huonekana imara. Hilo ndilo kosa lenye gharama kubwa kuliko yote. Saruji huuziba unyevu usipate pa kutokea, nao ukapanda juu zaidi ndani ya ukuta. Chumvi huganda nyuma ya lipu na kulimega jiwe, na mwishowe maji hufikia vichwa vya boriti.

Boriti ya mkoko haiozi hadharani. Huanza kuoza pale ncha yake ilipozama ukutani, na huku katikati ya dari ungali unaiona nzima. Igonge kwa nyundo ndogo karibu na ukuta: iliyo salama hutoa mlio mkavu, na iliyoliwa husikika kama kitu chenye uwazi ndani, pengine na vumbi laini likadondoka begani mwako. Kuzigonga boriti zote za chumba kimoja hakumalizi nusu saa, na chini ya dari hiyo kuna familia inayolala.

Tunashauri ukaguzi ufanywe Februari au Machi, kabla ya masika, kwa sababu chokaa ya kurekebishia ukuta huhitaji siku nyingi kukauka. Anzia juu, kwenye paa na milizamu, kwani mlizamu mmoja ulioziba kwa majani huyamwaga maji ya mvua nzima ukutani. Kazi inayogusa sura ya nyumba, kama daka (kibaraza cha mlangoni), mlango wa nakshi au ghorofa ya kuongeza, ipelekwe kwanza kwa Makavazi ya Taifa, kwa kuwa mji huu ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001.

Upande wa hesabu, tangu Januari 2024 mkazi wa Kenya anayepata kodi ya nyumba za makazi inayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka, bila kupita milioni 15, hutozwa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi yote, wala gharama za ukarabati hazitolewi kwanza. Anayepokea 25,000 kwa mwezi hulipa 1,875 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Katika kinachobaki, kwa maoni yangu, fungu la kumi ni kiwango cha chini kabisa cha kuwekea nyumba ya matumbawe, tena katika akaunti yake peke yake.

Asitegemee mtu kuifidia gharama kwa kumpandishia kodi ghafla mwenye duka la chini pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji: upangaji wa biashara usio na mkataba wa maandishi unalindwa na sheria, na mabadiliko ya kodi yanahitaji ilani rasmi ya miezi isiyopungua miwili.

Kwa mpangaji wa makazi, andikeni katika mkataba kwamba atatoa habari siku ile ile aonapo doa la maji darini, na kwamba mwenye nyumba atamleta fundi wa chokaa ndani ya muda mliokubaliana.