Sato wa jana na hofu ya maikrowevu

Kwenye mgahawa mmoja wa Kirumba, Mwanza, mhudumu akishika tu mlango wa maikrowevu kuna mteja atapaza sauti: "Mimi nipashie kwenye mkaa, hiyo inaacha mionzi kwenye chakula!" Maneno ya siku nyingi hayo, na si kweli.

Mawimbi ya maikrowevu ni ya ukoo mmoja na redio na mwanga. Yanatofautiana urefu tu. Ya jikoni yana masafa ya gigahezi 2.45 (mitetemo bilioni 2.45 kwa sekunde), urefu wa wimbi sentimita 12 hivi. Mionzi ya kuogopwa, ile inayong'oa elektroni kwenye atomi, iko ng'ambo ya pili ya mwanga: urujuanimno mkali, eksirei, gama. Jua linalokausha dagaa pale ufukweni lina miale iliyo karibu zaidi na huko kuliko mashine hii, na dagaa tunawala bila wasiwasi.

Ndani ya mashine mawimbi hutikisa molekuli za maji, mtikisiko unageuka joto. Ikizima, yamekwisha. Nani ameona mwanga umebaki ukutani baada ya taa kuzimwa? Chungulia kioo cha mlango: kuna bati lenye vitundu vidogo. Mwanga unapenya, wimbi la sentimita 12 linakwama. (Mlango ukivunjika, basi, usiitumie.)

Lawama yangu mimi ni nyingine: inapasha kwa mabaka. Mkia wa sato unaunguza ulimi, karibu na mfupa bado baridi kama ziwa alfajiri. Mgeuze, umrudishe tena kidogo.