Je, wajua kwa nini lengo lenye kipimo hutimia kuliko "nitajitahidi"?

Mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anayesema kwamba mwaka huu atajitahidi kuweka akiba, na mwenzake anayesema kwamba kila gunia atakaloliuza litatoa shilingi 2,000 za kibubu, wanaweza kuwa na bidii sawa na mtaji sawa, lakini huyo wa pili ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kufika anakokusudia. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham walichunguza jambo hili kwa miaka mingi, wakaonyesha kwamba lengo mahususi na gumu, lakini linaloweza kufikiwa, huzaa matokeo bora kuliko agizo la kufanya kadiri ya uwezo.

Mwaka 1975, Latham na mwenzake Baldes walichapisha utafiti kuhusu madereva wa malori ya magogo katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Malori hayo yalikuwa yakipakiwa takriban asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa kisheria, ingawa madereva walikuwa wamehimizwa kujitahidi. Walipowekewa lengo la asilimia 94, bila nyongeza yoyote ya malipo, upakiaji ulipanda, ukashuka mwezi wa pili madereva walipotaka kuona kama wakubwa wangetimiza ahadi ya kutomwadhibu mtu, kisha ukapita asilimia 90. Kwangu mimi, mwezi huo wa pili una uzito mkubwa, kwa kuwa unaonyesha kwamba lengo halishiki mpaka watu wawe wameliamini.

Anayejitahidi bila kipimo hujikadiria mwenyewe na kuridhika mapema, ilhali namba humwonyesha pengo lililobaki, akaongeza nguvu au akabadili mbinu.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliongeza kwamba inafaa mtu aamue mapema ni wakati gani na mahali gani atatenda. Ziwani hapa ushauri huo una maana ya pekee: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa mavuno hupungua, hivyo lengo linalodai kiasi kilekile kila wiki huvunjika upesi. Afadhali mchuuzi aseme: "Nikishauza gunia, kabla sijapanda daladala, nitaweka 2,000."

Kwa anayeanza biashara, hata hivyo, namba inaweza kumvuruga. Lengo lake la kwanza na liwe kujifunza, kwa mfano kuwatofautisha dagaa waliokaushwa kwenye vichanja na wale waliokaushwa mchangani.