Mwenzako amekataa usuluhishi? Dhana potofu na ukweli wa sheria ya Uganda

Mzee mmoja wa malori pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, alinitolea mkataba wake wa kusafirisha saruji, umekunjwa mara nne ndani ya kaveera, yaani mfuko mweusi wa plastiki, pamoja na hati za kupokea mzigo. Anadai pesa za safari kadhaa. Juu kidogo ya sahihi, kwa Kiingereza cha mawakili, palikuwa na mistari mitatu ya kifungu cha usuluhishi. "Mzee, hapa mlikubaliana mgogoro uende kwa msuluhishi," nikamwambia. Akacheka. "Mwanangu, nimemwita mdeni wangu mara tatu, hataki. Usuluhishi ni wa wawili. Mmoja akigoma, basi tena."

Hiyo ndiyo dhana inayotawala, na lugha yetu imechangia. Msuluhishi kwetu ni yule mzee wa mtaa anayeamua ugomvi wa mume na mke. Na jina lilelile tunampa yule anayesikiliza madai ya mamilioni na kutoa uamuzi unaofunga. Sheria ya Uganda ya mwaka 2000 inawatenganisha hadi kwenye jina lake: Sheria ya Usuluhishi na Upatanishi. Kwenye upatanishi, mtu anaweza kuinuka na kuondoka wakati wowote. Kwenye usuluhishi, hiari yake aliimaliza siku aliyotia sahihi.

Kwa hiyo kugoma hakuzuii kitu. Unampelekea barua ya kudai usuluhishi, na shauri linahesabiwa limeanza siku aliyoipokea. Ndiyo maana nasisitiza nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokea, au angalau itiwe sahihi na tarehe. Ujumbe wa WhatsApp uliosomwa ukanyamaziwa utakuletea ubishi mwingine juu ya ubishi. Kama mkataba unataka wasuluhishi watatu na yeye akapitisha siku 30 bila kumteua wa kwake, unaiomba mamlaka ya uteuzi inayotambuliwa na sheria imteue. Mkataba usipotaja idadi, msuluhishi ni mmoja. Usichelewe: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na barua zako za kubembeleza ulipwe hazisimamishi hesabu hiyo.

"Asipotokea, nimeshinda." Hapana. Asipoleta utetezi, ukimya wake hauchukuliwi kuwa amekiri. Msuluhishi anaendelea bila yeye na kuamua kwa ushahidi uliopo, na ushahidi huo ni kazi yako. Zile karatasi za kwenye kaveera ndizo kesi yenyewe. Mzee alikuwa karibu azitupe.

Sasa nije kwenye kosa linaloniumiza roho kuliko yote, kwa sababu linawakuta watu makini. Mwenzako, badala ya kuja kwa msuluhishi, anakufungulia kesi mahakamani. Wewe umesoma ushauri wa Kenya, ambako ombi la kusimamisha kesi hupelekwa mapema kabisa, si baada ya kuandikisha kwamba umefika kujibu. Unaogopa kuleta utetezi usije ukaonekana umekubali mahakama. Upande huu wa mpaka, sheria imepangwa kinyume: kifungu cha 5 kinasema ombi linakuja baada ya utetezi kuwasilishwa na pande zote kusikilizwa, ndipo jaji au hakimu anarudisha mgogoro kwa msuluhishi. Mpaka wa Busia unauvuka kwa dakika chache, lakini utaratibu wa mahakama hauvuki nawe. Leta utetezi, taja humo waziwazi kwamba kuna kifungu cha usuluhishi, kisha uombe. Mahakama haitakuombea.

Ukishaomba, jaji hana uhuru wa kuchagua anavyopenda. Atakataa tu kama makubaliano hayo ni batili, hayana nguvu tena au hayatekelezeki, au kama kwa kweli hakuna mgogoro wowote. Hilo la mwisho lichukue kwa uzito: anayesema "deni nalijua, ila sina pesa" huenda hana cha kupeleka kwa msuluhishi.

Wapo wanaosema mkataba ukivunjika, kifungu nacho kimekufa. Kifungu hicho kinahesabiwa kuwa makubaliano yanayojitegemea, na hata akidai mkataba mzima ni batili, msuluhishi mwenyewe ndiye anayeanza kuamua kama ana mamlaka. Wengine wanadhani kifungu kinafunga kabisa mlango wa mahakama. Unaweza kwenda kuomba zuio la muda, tuseme lori lisiuzwe, wakati usuluhishi ukiendelea. Halafu wapo wanaodhani kila kitu kinasuluhishika. Katika shauri la kampuni ya mafuta ya Heritage na mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, la mwaka 2011, Mahakama Kuu ilikataa kwamba mgogoro wa kodi uende huko.

"Tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, ni karatasi tu." Aliyeshindwa ana mwezi mmoja tangu aipokee kuomba Mahakama Kuu iitengue, kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, na kutoridhika si mojawapo. Muda huo ukipita, au ombi lake likikataliwa, tuzo inakazwa, yaani inatekelezwa, kama hukumu ya mahakama. Na akiwa na mali ng'ambo ya mpaka? Uganda iliingia kwenye Mkataba wa New York, ule wa kutambua tuzo za nchi nyingine, mwaka 1992, Kenya mwaka 1989, kwa hiyo tuzo ya Kampala inaweza kumfuata hadi Mombasa.

Mzee alisikiliza yote, akauliza swali ambalo mawakili hulipitia haraka: "Na huyo msuluhishi analipwa na nani?" Pande zote mbili. Anayegoma mara nyingi hagusi sehemu yake, na wewe unayetaka shauri liende unatanguliza zote, kisha unaomba zirudishwe kwenye tuzo. Alikunja uso, akaniomba kalamu, akaanza kujumlisha hati zake moja moja ajue deni ni kiasi gani kabla ya kuandika barua.