Je, wajua kwa nini trela inayoficha ndiyo inayotufanya tuhesabu siku?

Katikati ya Desemba 2013 ilitoka trela ya kwanza ya Interstellar, filamu ya Christopher Nolan kuhusu watu wanaoondoka duniani kwenda kutafuta makao kwingine. Ni ya dakika mbili hivi, na ukiitazama leo, ukiwa umeshaijua filamu yenyewe, utashangaa jinsi ilivyobana. Sayari ngeni hazimo. Shimo jeusi lililokuja kuipa filamu sifa, kile kitu cha angani chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, halimo. Sehemu kubwa ni picha za kumbukumbu za safari za kweli za angani, na juu yake sauti ya mwigizaji mkuu, Matthew McConaughey, ikizungumza taratibu, kwa uzito, kama ya mtu anayesimulia habari za marehemu mpendwa. Kuna mahindi. Kuna mwanamume garini, anatokwa machozi. Basi.

Filamu yenyewe ilikuwa bado karibu miezi kumi na moja.

Niliitazama kwenye simu, bando likikaribia kuisha na video ikikwama kila baada ya sekunde chache, nikairudia hadi salio likakata. Sikuweza kumweleza mtu inahusu nini. Nilichojua ni kwamba lazima niione. Na wenzangu walikuwa mamilioni: trela ya pili ilipowekwa mtandaoni Mei 2014, katika juma lililoishia Mei 19 ndiyo iliyotazamwa kuliko trela nyingine yoyote, mara zaidi ya milioni 19.5 kwenye YouTube. Inakuwaje watu waonyeshwe kidogo hivyo, halafu wakae mkao wa kula mwaka mzima?

Wengi watakujibu kwamba ni fedha. Filamu ile iligharimu dola milioni 165 za Marekani, na studio iliyotoa mzigo wa namna hiyo haiwezi kukaa kimya. Lakini fedha hununua nafasi kwenye mabango, hazinunui hamu. Mwaka 2012 kampuni ya Disney ilitoa John Carter, hadithi ya mtu anayejikuta kwenye sayari ya Mars. Ilipigiwa debe kila upande, na bado wiki mbili tu baada ya kutoka, Disney yenyewe ilitangaza kwamba inatarajia hasara ya dola milioni 200 hivi. Matangazo yalikuwepo. Watu kusubiri roho juu, hapana.

Mimi naona jibu tumelishika mikononi tangu utotoni, jioni, tukiwa tumekaa kwenye mkeka.

Kitendawili! Tega! Popoo mbili zavuka mto. Hapo mtegaji ananyamaza, na kila mtoto anaanza kuwaka. Popoo anazijua, mto anaujua, lakini jinsi vinavyoungana ndiko kunakomtesa. Angeambiwa maneno asiyoyajua hata moja, angesinzia. Angeambiwa moja kwa moja kwamba ni macho, yanayofika ng'ambo miguu ikiwa bado huku, angesema sawa na kugeukia jambo jingine. Kinachomshika ni ile nusu. Na akishindwa, jibu halitolewi bure: mtegaji anadai mji. Anapewa Mombasa, anapewa Tanga, anaanza kusimulia alivyokwenda huko na alivyokaribishwa, na watoto wote wanangoja kwa uchungu mtamu hadi jibu litoke.

Wanasaikolojia walikuja kulieleza jambo hilo kwa njia yao. Mwaka 1994 George Loewenstein, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliandika kwamba udadisi huzaliwa pale mtu anapoliona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Neno zito hapo ni kuliona. Asiyejua chochote hana pengo, ana giza tu, na giza haliwashi. Ni lazima upewe kipande kwanza ndipo uhisi kilichokosekana.

Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Caltech huko California wakalipima. Waliwauliza watu maswali ya maarifa ya jumla, wakawataka waseme wana uhakika kiasi gani na majibu yao, na wana hamu kiasi gani ya kujua jibu sahihi. Waliokuwa na uhakika kamili hawakuwa na hamu sana. Wasiojua kabisa pia hawakuwa nayo. Hamu ilipanda juu kwa wale waliokuwa katikati, wanaohisi jibu liko kwenye ncha ya ulimi. Kisha ikaja sehemu ninayoipenda zaidi: watu hao wenye hamu walikuwa tayari kulipa, ama kwa sehemu ya vibao vichache walivyogawiwa, ama kwa kukaa na kusubiri, mradi waambiwe jibu. Yaani walitoa mji.

Kuna na upande wa mwili. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake walichunguza kima waliokuwa wakioneshwa picha fulani, na baada ya sekunde mbili wakapewa tone la maji ya matunda. Kima akishauzoea mchezo, chembe za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na kutarajia zawadi, haziruki tena tone linapofika. Zinaruka picha inapotokea. Furaha imehamia kwenye ishara. Kisha, katika utafiti wa mwaka 2003, walibadilisha uwezekano wa kupata tone: mara nyingine ni hakika, mara nyingine haliji kabisa, mara nyingine ni nusu kwa nusu. Katika zile sekunde za kungoja, chembe hizo zilizidi kupandisha mwendo, na zilipanda zaidi pale ambapo matumaini na mashaka vililingana. Ubongo wa binadamu haufanani na wa kima kwa kila kitu, lakini mfumo huu wa dopamini tunao sote, na mtu yeyote aliyewahi kusubiri matokeo ya mtihani atakitambua kile kinachoelezwa hapa.

Sasa rudi kwa Interstellar uone jinsi mashaka yalivyotunzwa. Wakati wa kupiga picha filamu ilipewa jina la bandia, Flora's Letter, kwa ajili ya binti wa Nolan aitwaye Flora. Hata Hans Zimmer, mtunzi wa muziki, hakuambiwa kwamba kazi ni ya angani. Nolan alimpa karatasi moja iliyopigwa chapa, hadithi fupi ya mzazi na mtoto, akamwomba atunge chochote kitakachomjia. Zimmer alipomaliza ndipo alipoambiwa ukubwa wa jambo lenyewe. Wimbo mdogo wa baba na mwanawe ukawa roho ya filamu nzima, na baadaye ukapigwa kwa kinanda kikubwa cha kanisa la Temple, London. Kila mtu alipewa nusu yake.

Mashabiki nao walipewa kwa vijiko. Trela ya pili ilioneshwa kwanza Mei 5, 2014 katika jumba la IMAX, sinema ya skrini kubwa mno, la makumbusho ya anga huko Washington, mahali penye vyombo vya kweli vilivyokwenda na kurudi. Julai, Nolan na McConaughey wakatokea San Diego mbele ya umati wa Comic-Con, mkutano mkubwa wa mashabiki, na mwezi huohuo studio ya Paramount ikafungua tovuti ambayo watu walipoichokonoa walikuta ramani ya nyota inayohusiana na kutua kwa Apollo 11 mwezini. Hilo si tangazo tena, ni kitendawili halisi. Shabiki aliyefumbua fumbo kwa mikono yake huiona filamu kama yake kabla hajanunua tiketi.

Lakini kwa nini anga? Filamu ya mapenzi nayo inaweza kuficha, na hatuihesabii siku hivyo. Hapa lazima tukumbuke Marekani ilikuwa wapi wakati ule. Julai 21, 2011 chombo cha anga cha Atlantis kilitua kwa mara ya mwisho, na mpango wa vyombo vile vya kwenda na kurudi ukafungwa. Kuanzia siku hiyo hadi Mei 2020 hakuna mwanaanga aliyepaa kutoka ardhi ya Marekani kwenda kuizunguka dunia. Walikwenda Kazakhstan wakapanda roketi za Urusi. Trela ile ya kwanza ilitoka katikati ya ukame huo. Zile picha za kumbukumbu hazikuwa pambo. Ziliwagusa watu waliokua wakiamini kwamba ifikapo utu uzima wao binadamu atakuwa amefika mbali zaidi ya mwezi, na sasa walikuwa wakitazama mambo ya babu zao. Pengo lilikuwa wazi kabla Nolan hajaligusa. Ndiyo maana naona ile trela ni ya uungwana: haikuwabunia watu kiu, iliwakumbusha waliyokuwa nayo.

Tena anga ni mto tusioweza kuuvuka kwa miguu. Popoo mbili ndizo zinazotangulia.

Na safari hii kulikuwa na kitu cha kweli cha kutazamwa. Kip Thorne, mwanafizikia wa Caltech, alikuwa kwenye wazo la filamu hii tangu mwanzo pamoja na mtayarishaji Lynda Obst, miaka kadhaa kabla Nolan hajaingia. Ndiye aliyewapa mafundi wa Double Negative, kampuni ya London ya picha za kompyuta za filamu, wakiongozwa na Paul Franklin, milinganyo ya namna mwanga unavyopinda karibu na shimo jeusi. Kompyuta zilifuata milinganyo hiyo, na baadhi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu, zilichukua hadi saa 100 kila moja kukamilika. Ikatoka duara jeusi lenye utepe wa mwanga unaokatiza mbele yake na tena kulizunguka juu na chini, kwa kuwa mwanga wa nyuma yake umepindwa hadi ukaonekana. Nolan aliomba baadhi ya mambo yapunguzwe, kama tofauti ya ung'avu kati ya upande mmoja na mwingine, ili mtazamaji asichanganyikiwe. Habari hizi ziliposambaa Oktoba 2014, zingeweza kuua hamu, maana siri imetoka. Ikawa kinyume. Mtu akishasikia kwamba picha imetoka kwenye hesabu, anapata swali jipya: je, huko kweli ndivyo kulivyo?

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kisa hiki kina mguu mmoja kwenye pwani yetu. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, kwa hiyo setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Mwaka uliofuata vipimo vyake vilionyesha kwamba mnururisho wa Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei huko angani, unabadilikabadilika upesi mno, dalili kwamba huko kuna kitu kidogo na kizito kupita kiasi. Je, ni shimo jeusi? Mwaka 1974 wanafizikia wawili waliwekeana dau juu ya swali hilo. Stephen Hawking alisema si shimo jeusi. Aliyesema ni shimo jeusi alikuwa Kip Thorne, yuleyule. Hawking alikubali kushindwa mwaka 1990. Dau lilikaa miaka 16, na nadhani mtu aliyeweza kusubiri jibu kwa muda huo alikuwa mtu sahihi wa kukabidhiwa filamu ya namna hii.

Interstellar ilianza kuoneshwa Marekani Novemba 5, 2014 kwenye majumba yenye mitambo ya filamu ya utepe, siku mbili kabla ya majumba ya dijitali. Wahakiki waligawanyika. Wapo waliosema imejaza maelezo mno, na shutuma hiyo ina ukweli. Watazamaji waliipokea kwa moyo, na katika mzunguko wake wa kwanza ilikusanya zaidi ya dola milioni 600 duniani.

Limebaki jambo moja ambalo pengo peke yake haliwezi kulieleza. Desemba 2024, kwa kutimiza miaka 10, filamu ilirudishwa kwenye majumba ya IMAX. Tiketi zikaisha, nyingine zikauzwa tena kwa bei ya kuruka. Hao waliopanga foleni walijua kila kitu. Walijua nani anarudi na nani harudi, walijua kwamba saa moja kwenye sayari ile yenye mawimbi ni miaka saba ya duniani. Walikuwa wakisubiri nini?

Loewenstein huyohuyo alikuwa na jibu la mapema zaidi, la mwaka 1987. Aliwauliza wanafunzi wangelipa kiasi gani kupata busu la nyota wa filamu wanayempenda: sasa hivi, baada ya saa tatu, baada ya siku tatu, baada ya mwaka, au baada ya miaka kumi. Ungedhani wote wangetaka palepale. Lakini kwa wastani walithamini zaidi la baada ya siku tatu. Zile siku tatu zina utamu wake: kulala ukijua, kuamka ukikumbuka, kuwasimulia wenzako. Ndivyo nilivyowaelewa wale wa Desemba 2024. Wengine walikuwa watoto filamu ilipotoka na waliiona kwenye skrini ya simu tu, kama mimi nilivyoiona trela. Safari hii walikuwa na tarehe, namba ya kiti, na siku kadhaa mbele yao.