Kanda za Taarab Lamu: Kabla ya Kupandisha Sauti

Wengi wanaotuletea kanda za zamani za taarab huwa na ombi moja: "Tupandishieni sauti." Masteringi, yaani kuiandaa rekodi kwa mara ya mwisho kabla ya kutolewa, ni zaidi ya hapo, na sauti ikipandishwa kupita kiasi muziki huharibika. Tangu miaka ya 1990 albamu nyingi duniani zimetolewa upya zikiwa zimebanwa hadi sehemu za pole na za kishindo zikawa na sauti moja. Na kwa bure, maana Spotify, huduma ya kusikilizia muziki mtandaoni, husawazisha sauti za nyimbo yenyewe.

Kazi kubwa iko kwenye mashine ya kuchezea. Utepe wa kaseti haufiki milimita 4 kwa upana. Hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, ikiinama kidogo tu tofauti na ile iliyorekodi, udi hupoteza ule ukali wa nyuzi. Fundi huchukua bisibisi ndogo, akageuza parafujo ya hedi taratibu huku akisikiliza, mpaka udi ukarudi. Kisichosomwa hapo, kompyuta haitakitengeneza vizuri.

Halafu kuna mwendo. Kanda nyingi za harusi zilirekodiwa kwa redio ya betri, na betri zikichoka mashine huzembea. Ukicheza kanda leo kwa mwendo sahihi, mwimbaji anasikika kama mtoto. Hapo ule mvumo wa umeme wa vipaza sauti vya harusini, ulioingia kwenye kanda na unaowaudhi watu, hutufaa. Umeme wa Kenya ni hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Tukiukuta mvumo uko 53, tunajua wimbo umepanda karibu nusu toni, tunaushusha. (Kama harusi iliendeshwa kwa jenereta, hesabu hiyo msiitegemee.)

Kwa hiyo tuleteeni kanda ya mwanzo, si nakala ya nakala, wala faili iliyozunguka WhatsApp. Kila kunakili kaseti kunaongeza mchakacho. Kasha likivunjika si neno, utepe huhamishiwa kasha jingine. Ila mkiona ukungu mweupe, na kwa unyevu wa pwani yetu utauona, msiicheze wala msiianike juani. Kuvu huhamia mashine na kanda nyingine, na joto hupinda kasha.

Tukimaliza mtapewa faili mbili: ya kanda ilivyo, kwa ubora wa juu (biti 24 na kilohezi 96), bila kuguswa, na iliyosafishwa. Ya kwanza msiifute hata kama ya pili inapendeza zaidi.

Kanda isiyo na jina pia tunapokea. Njooni tu na mzee anayemtambua mwimbaji kwa sauti.